Karatasi ya Ghorofani

Eda ya mama yangu ilikwisha, yeye hakutoka. Miezi minne na siku kumi za kukaa ndani kwa ajili ya baba zilipita kama zinavyompitia kila mjane wetu. Siku ya kumtoa eda wanawake wa jamaa walikuja kwetu Tudor, wakamwogesha, wakamvisha nguo mpya, wakapika, wakala, wakaenda zao. Kesho yake nilimkuta amekaa palepale, kwenye kiti cha karibu na dirisha la sebule, amejitanda leso, hatazami nje wala ndani. Nikasema haya, ataanza polepole. Mwaka ukapita.

Mimi ni karani wa kampuni ya malori huko Shimanzi. Kutwa nazozana na madereva kuhusu makontena yaliyochelewa, na mwaka ule nilikuwa nikirudi nyumbani jioni nazozana na mama.

"Umetoka leo?"

"La."

"Kwa nini?"

"Sina pa kwenda."

"Basi mbona umelia? Macho yamevimba."

Anajitanda leso upya. Nami napandisha sauti, mke wangu ananivuta shati, na chakula kinaliwa bila ya neno. Marehemu baba, ambaye alikuwa muuza vitambaa na mtu mpole kupita kiasi, alizoea kuniambia kwamba hasira zangu ni za mkizi, kuna siku zitanitia kapuni mwenyewe. Sikumsikia alipokuwa hai, nimsikie leo?

Nilimpeleka mama kwa daktari. Daktari akapima presha yake ya siku zote, akaona vidonge vinaituliza, akapima sukari, akasema mama ni mzima. Uzima gani huo? Huyu alikuwa mwanamke wa kupigania bei ya samaki kutoka ghorofa ya tatu, yeye dirishani, muuzaji chini barabarani, na jirani wote wakimsikiliza kwa raha. Sasa maneno yake kwa siku nzima ungeweza kuyahesabu kwa vidole. Alikuwa anakonda. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Nilimzika baba siku moja, lakini mama nilikuwa namzika kila siku kidogo.

Wazo la kwenda makumbusho lilikuwa la mke wangu. Yule mshairi maarufu wa Mji wa Kale, ambaye mashairi yake tulichapwa viboko shuleni kwa kutoyakariri, nyumba yake ya Kibokoni ilikuwa imekarabatiwa na kufunguliwa kwa watu waje kuitazama. Mimi mshairi mwenyewe sikumpenda kwa sababu ya vile viboko. Ila mama, alipokuwa msichana, alikuwa akienda nyumba ile kila siku baada ya Alasiri. Hakuwa akienda kwa mshairi. Alikuwa akienda kwa mkewe, aliyekuwa na chuo cha wasichana huko juu, jikoni, akiwafundisha Kurani na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, huku akipika. Mama alisoma hapo miaka sita mpaka akaolewa na baba, akahamia kwa Wahindi, kama walivyosema jamaa zake, ingawa baba naye alizaliwa hapahapa Mombasa kama wao.

"Twende ukaione nyumba ya mwalimu wako," nikamwambia.

"Mwalimu wangu hayuko."

"Nyumba iko."

Nikangoja. Nilikuwa nishajiandaa kugomba. Akasema, "Jumamosi."

Jumamosi hiyo tuktuk ilitushusha mwanzo wa vichochoro, kwa kuwa mbele hapapiti. Nilimshika mkono nikidhani atahitaji kushikwa. Akautoa. Akatangulia, kiganja kimoja kikigusa kuta, na hakuniuliza njia hata mara moja. Tulipofika mlangoni nilikuwa natweta mimi.

Aliyetupokea alikuwa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, ya miezi minane hivi, amevaa fulana ya makumbusho iliyombana tumboni. Alimwamkia mama kwa heshima, mama akamwitikia marahaba, na macho yake yakatua kwenye tumbo la yule binti yakabaki huko kidogo. Kulikuwa na wageni wengine: mume na mke kutoka bara pamoja na watoto wao wawili, na Mzungu mmoja mzee mwenye kamera. Tukaongozana sote.

Chini kulikuwa na kiti cha mshairi, miwani yake, bakora yake, na kofia zake tatu ndani ya sanduku la kioo. Kulikuwa na picha yake akipeana mkono na wakubwa. Mwongozaji wetu alieleza vizuri, lazima niseme haki. Alikuwa na sauti ya kutulia, na kila mahali alipotaja mwaka au kitabu alitaja bila ya kuangalia karatasi. Mama alikuwa akimfuata nyuma kabisa, hasemi. Tulipopanda ghorofani akasimama mbele ya mlango mmoja wenye alama ya choo.

"Hapa palikuwa jikoni," akaniambia kwa sauti ya chini.

"Hapa?"

"Hapa. Ndipo niliposoma miye." Akautazama ule mlango, kisha akasema, "Lakini choo nacho chahitajika."

Mimi damu ilinichemka. Nyumba nzima hatukuona picha ya yule bibi, wala leso yake, wala hata kijiko. Nilitaka kumwuliza mwongozaji pale pale, mume alikuwa akila nini hata akapata nguvu za kutunga? Mama alinitazama mara moja tu, nikajizuia.

Chumba cha mwisho ndicho kilichokuwa fahari ya makumbusho. Ukutani, peke yake, ndani ya fremu ya dhahabu na taa ndogo juu yake, palitundikwa karatasi moja iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa. Ilikuwa imeandikwa kwa wino, kwa herufi za Kiarabu, mistari imenyooka, kila mstari umegawanywa vipande vinne, na baina ya kipande na kipande pamechorwa kiua kidogo. Yeyote aliyewahi kuona utenzi wa kale ulioandikwa kwa mkono angejua huo ni utenzi.

"Hili ndilo shairi lake la mwisho," mwongozaji akasema, na wageni wakasogea. "Lilikutwa ndani ya msahafu wake baada ya kufariki. Halijachapishwa popote. Ni la kuaga dunia. Anazungumza juu ya udhaifu wa mwili, juu ya moto na maji, na juu ya kusubiri siku zitimie." Yule mke wa kutoka bara akajifuta jicho. Mzungu akapiga picha.

Nikageuka kumtazama mama. Alikuwa amesogea mpaka pua yake karibu iguse kioo. Midomo ilikuwa ikicheza, kutoka kulia kwenda kushoto akifuata mistari. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Akajiziba uso kwa ncha ya buibui. Nikasema basi, nimeharibu, nimemleta mjane kusomewa habari za mauti, mpumbavu mimi. Nikamshika bega nimtoe.

Alikuwa anacheka.

Alicheka kimyakimya, machozi yanamtoka, na mkono wake umening'ang'ania kiwiko. Sikuwa nimemwona akicheka tangu baba aanze kuumwa.

"Nini?" nikamnong'oneza. "Inasema nini?"

"Nyamaza."

"Si shairi?"

"Nyamaza, nakwambia. Watu wapo."

Nilifahamu vizuri aliloliogopa. Kwetu mgeni haumbui mwenyeji mbele ya wageni wengine, hata akiandaliwa wali mbichi, anaumumunya akashukuru. Mama alilelewa hivyo, na bila shaka alilelewa hivyo ndani ya nyumba ileile. Mimi sikuwahi kuiweza adabu hiyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme kwa sauti kwamba hapa pana kosa, hadi kidole cha mama kikanibana nyama ya mkono, pale pale alipokuwa akinibana nilipokuwa mtoto msikitini. Nikaufunga.

Wageni walimaliza, wakashukuru, wakashuka. Mama hakuondoka. Mwongozaji alikuwa ameegemea ukuta, amejishika kiuno, akituonea haya kutuambia kwamba anataka kukaa.

"Keti, mwanangu," mama akamwambia. "Keti hata kwenye kiti cha mshairi kule chini, hatasema kitu."

Binti akacheka, akaketi kwenye benchi la wageni.

"Una muda gani sasa?"

"Bado wiki tatu, mama."

"Mimba ya kwanza?"

"Ya kwanza."

"Na utazalia wapi? Nani atakuangalia?"

Binti akasema atazaa hospitali. Akasema mumewe ni dereva wa malori, huenda mpaka Malaba na mbele ya hapo, na hajui kama siku yenyewe atakuwa mjini. Wanakaa Buxton. Akasema haya kwa ile sauti yake ya kueleza mambo ya makumbusho. Mama hakumwachia.

"Hospitali watakuweka siku moja wakutoe. Baada ya hapo?"

"Nitajisimamia tu, mama."

"Mama yako yuko wapi?"

Akainama. Mama akakaa kwenye benchi karibu naye. "Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema, "na weye ushafika kuzaa. Nambie."

Basi akasema. Kwao ni Kaloleni. Mamake alikufa yeye akiwa kidato cha pili. Dada yake ana watoto watano na shamba, hawezi kuacha. Mama mkwe hawajapatana. Alikuwa amesoma kwenye simu jinsi ya kumwosha mtoto, na usiku hulala akirudiarudia moyoni ili asisahau. Hapo sauti yake ya makumbusho ikamwisha.

Mimi nikajifanya natazama kofia nyingine iliyokuwa kwenye kidaka cha ukutani. Nikamsikia mama anasema, "Inuka. Njoo nikuonyeshe kitu."

Akampeleka mbele ya ile fremu. Akaweka kidole juu ya kioo, mwanzo wa mstari wa kwanza, upande wa kulia.

"Huu mkono si wa mshairi. Huu ni mkono wa mkewe. Mimi nimeujua mbali, kwa haya maua. Sikiliza nikwambie. Yule bibi hakupelekwa skuli. Kuandika alijifunza kwa kunakili tenzi za mumewe, miaka na miaka, kwa hivyo maandishi mengine hakuyajua. Kila alichoandika alikiandika vipande vinne na maua katikati. Akiandika vitu vya kupikia pilau, vipande vinne. Akiandika dawa ya kikohozi, maua. Nasi alitufundisha hivyo hivyo. Mume wangu nilipomwandikia barua ya kwanza alidhani nimemtungia shairi, akenda akamwonyesha nduguye."

Hilo la baba sikuwa nimewahi kulisikia. Nikageuka. Mama alikuwa akitabasamu mbele ya kioo.

"Sasa hii ni nini, mama?" binti akauliza, na niliona ameanza kuogopa, maana mwaka mzima ameieleza karatasi ile kwa watu.

Mama akasoma. Alisoma taratibu, kidole kikienda na mstari, kwa sauti ambayo nilikuwa nimeisahau, ile ya kupigania samaki:

"Bismillahi. Mzazi aliyejifungua asipewe maji baridi. Mzazi asiketi sakafuni. Akandwe kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Maji yawe moto wa kustahimilika, ajaribu mkandaji kwanza kwa mkono wake. Apewe uji wa mtele, pilipili manga, na samli. Tumbo lifungwe kwa kitambaa cha pamba, lisibanwe pumzi. Nyumba ifukizwe. Mzazi asiinue ndoo. Wageni wasikae sana, watazame mtoto wende zao. Mzazi asiachwe peke yake mpaka arubaini itimie."

Akafika mstari wa mwisho, akasita. Nikadhani wino umefutika.

"Akilia, msimwulize kwa nini. Kaeni naye."

Nilikuwa nimesimama pale na jioni zangu zote za mwaka mzima, mbona umelia, kwa nini hukutoka, kwa nini hukula. Mwanamke ambaye hakupelekwa skuli, aliyegeuziwa jiko lake kuwa choo, alikuwa ameniandikia jawabu kabla sijazaliwa, nami nilikuwa nikiuliza maswali tu. Niliona haya sana. Nilimtazama mama kwa pembe ya jicho. Yeye hakunitazama, adabu yake ilinisitiri na mimi.

Binti alikuwa analia. Mama hakumwuliza kwa nini. Alimkalisha tena kwenye benchi, akakaa naye, na mimi nikakaa ngazini, tukakaa hivyo mpaka wageni wengine wakasikika mlangoni.

"Hawa nitawaambia nini?" binti akauliza, akijifuta.

"Waambie kama kawaida. Leo usijitie matatani. Msimamizi wako nitazungumza naye miye, faragha, si mbele za watu."

Alizungumza naye kweli, wiki iliyofuata, na alikwenda mwenyewe kwa tuktuk bila ya kuniambia. Msimamizi, mtu mzima mwenye elimu yake, mwanzo hakukubali. Alisema maelezo yameshachapwa, na wakubwa walishapigwa picha mbele ya karatasi ile. Mama alimjibu kwamba hakuja kumnyang'anya karatasi, amekuja kumsomea. Akamsomea. Msimamizi akamletea sanduku la makaratasi mengine yaliyokutwa humo ndani, ambayo hakuna aliyeweza kuyasoma, akamwomba amtazamie, moja moja, aseme lipi ni la mume na lipi ni la mke. Mama akamwambia sanduku lingoje. Ana mzazi wa kumwangalia.

Mimi habari hizi nilizipata kwa mke wangu, nikiwa kazini, na kwanza nilifanya nilivyozoea. Nilipiga simu nikafoka. Mama ana miaka sabini na moja, ana presha, atakwendaje kuchemsha maji Buxton kwa mtu tuliyemjua juzi? Jirani watasemaje? Mke wangu aliniacha nikafoka mpaka nikachoka, kisha akaniambia nikipita sokoni ninunue pilipili manga nzima, si ya kusagwa, na samli ya ng'ombe.

Binti alijifungua mtoto wa kike alfajiri ya Jumanne. Mumewe alikuwa njiani, mpakani, amekwama kwenye foleni ya malori. Nilijua hata foleni yenyewe, maana na yetu yalikuwamo. Mama alikuwa hospitalini kabla yangu. Siku ya pili waliporuhusiwa, alihamia Buxton na kifurushi kimoja cha nguo.

Ile karatasi, kwa siku hizo, ilibaki ukutani na maelezo yaleyale chini yake. Nilipita kuitazama adhuhuri moja nilipotumwa mjini. Aliyeshika zamu alikuwa kijana mwingine, akawaeleza wageni kwamba ni shairi la kuaga dunia. Nilisimama nyuma nikasikiliza hadi mwisho. Sikusema neno, na yeyote anayenijua atafahamu kazi niliyoifanya siku hiyo.

Siku ya tisa niliondoka Shimanzi mapema nimpelekee mama vidonge vyake vya presha, ambavyo bila shaka alikuwa amevisahau. Nilipanda ngazi za Buxton nimejitayarishia maneno: apumzike, arudi nyumbani angalau siku moja, ajifikirie na yeye. Kwenye ngazi tayari nilisikia harufu ya udi, na sauti yake. Alikuwa akimgombeza mtu wa maji kwamba mtungi mmoja haukujaa, na mtu wa maji akijitetea kwa kicheko, na mwanamke wa mlango wa pili akitia maneno yake.

Akanifungulia kidogo, mlango umeacha nafasi ya uso wake tu. Mikono ya nguo ilikuwa imekunjwa hadi viwikoni, ngozi imewiva kwa maji ya moto, jasho linamtiririka, na kwenye bega lake kuna kitambaa cha mtoto.

"Nimekuletea dawa," nikasema. "Mama, wajionaje? Mbona—"

"Mzazi ni mke wa watu, na weye ni mwanamume. Huingii." Akachukua vidonge. "Na usipige hodi kwa nguvu, mtoto amelala. Kesho leta udi na tende. Si zile kavu."

"Utarudi lini?"

"Bado siku thalathini na moja," akasema, akanifungia mlango usoni.